Sailensa ya "kuongeza nguvu": kelele si nguvu ya injini

Wachukuzi wanaovuka Namanga, Busia na Tunduma kwa Probox, Noah na Hiace huuziwa mara kwa mara sailensa za "kuongeza nguvu". Zinang'aa, zinanguruma, na bei yake inazidi ya kawaida. Nyingi hazimwongezei mnunuzi kitu ila makelele.

Sailensa hupunguza mlio wa moshi wa injini. Ikiubana moshi mno, injini hupoteza nguvu kuusukuma nje, na hapo ndipo sailensa nzuri inaposaidia. Lakini kwa injini ya petroli ya lita 1.5 isiyofanyiwa mabadiliko mengine, kubadili sailensa peke yake huleta nguvu farasi chache tu, ambazo dereva aliyepakia mzigo hatazihisi. Bomba la inchi 2 linaitosha injini hiyo. Anayeshauriwa kufunga la inchi 3 anauziwa mlio. Dizeli yenye turbo ni habari nyingine: yenyewe hupenda njia pana ya moshi, na tofauti yaweza kuonekana mlimani.

Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe ndani kuna nini. Sailensa ya vyumba huuzungusha moshi kati ya kuta za bati. Ni tulivu na hudumu. Ile ya moja kwa moja ni bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Hupitisha moshi vizuri zaidi, ila pamba huungua na kupeperuka, na mlio wa dukani sio utakaosikika baada ya mwaka.

Gari la pwani, kama Mombasa au Tanga, linahitaji chuma kisichoshika kutu. Wengine hupima kwa sumaku. Chuma cha daraja la 304 hakivutwi sana, lakini cha 409, ambacho nacho huvumilia kutu, huvutwa. Kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi kumwita muuzaji mwongo.

La kuangaliwa zaidi ni masega, yaani kile kisafisha moshi kilichopo kabla ya sailensa. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa. Fundi anayejitolea kuyaondoa "ili gari lipumue" huenda anapata faida kuliko mwenye gari. Mteja asimame pale pale kazi inapofanyika.

Sheria za kelele nazo hubadilika mpakani. Uganda ilitunga kanuni zake mwaka 2003, Kenya mwaka 2009 na Tanzania mwaka 2015. Gari lililoachwa lipite upande mmoja laweza kusimamishwa upande wa pili.

Kazi ikikamilika, maungio yakaguliwe. Moshi unaovuja chini ya gari huweza kuingia ndani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua, na hatari huzidi dereva anapolala kwenye foleni ya mpakani huku injini inaunguruma. Injini ikiwa bado baridi, fundi awashe gari mahali pa wazi, azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, kisha asikilize. Panaposikika mfuo kwenye maungio, pachomelewe au gasketi ibadilishwe kabla ya safari.