Wawindaji waliopewa tuzo ya uhifadhi: habari ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda

Kutoka Tlawi, ukishuka upande wa machweo hadi milima iishe, unafika Bonde la Yaeda. Mwaka 2019 wenyeji wa bonde hilo, Wahadzabe, walitunukiwa Tuzo ya Ikweta inayotolewa na UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Walikuwa miongoni mwa washindi 22 kutoka duniani kote, na kila mshindi alipewa dola 10,000 za Marekani. Huku kwetu juu habari hiyo iliwapita wengi. Tunaieleza leo kwa sababu ya swali linalosikika minadani: inakuwaje mtu anayeishi kwa upinde na mshale apewe tuzo ya kuhifadhi, wakati jirani yake akiua swala mmoja anapelekwa mahakamani?

Tuanze na heshima ya mwindaji kama tunavyoijua sisi. Kwa Wadatoga wa Hanang na Mbulu, zamani kijana aliyemuua simba, tembo, kifaru au nyati alirudi nyumbani shujaa. Ndugu walimzawadia ng'ombe, wanawake wakamvisha mapambo yao. Wazee wa Katesh na Basotu wanaweza kukusimulia vizuri kuliko sisi. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake, kwani simba alikuwa adui wa zizi, na aliyemkabili kwa mkuki alihatarisha maisha yake kwa ajili ya mifugo ya wote. Siku hizi simba ni wachache, na kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Sherehe ya shujaa inaweza kuishia rumande.

Wahadzabe wana heshima ya namna nyingine. Mwindaji wao hajisifii. Nyama ikifika kambini inagawanywa, hata kwa ambaye siku hiyo hakushika upinde. Sehemu fulani za mnyama mkubwa, wanazoziita epeme, huliwa kando na wanaume waliokwisha kukubaliwa tu. Hawafugi, na kwa desturi yao nyama ni ya kula, si ya kuweka ghalani wala kupeleka sokoni. Nao ni wachache, wanakadiriwa kuwa kama 1,300. Ndiyo maana serikali imekuwa ikiwaachia wawinde kwa ajili ya chakula chao.

Tena nyama ni sehemu tu ya mlo. Wanawake huchimba mizizi na kuchuma matunda ya porini, ubuyu huokotwa chini ya mibuyu, na asali hutafutwa kwa kumfuata mlembe, yule ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki. Mti ukikatwa, mlo umeondoka. Kwa Mhadzabe kufyeka pori ni sawa na ghala la mkulima kuungua. Na palipobaki miti, tandala na dikidiki nao wamebaki. Hiyo ndiyo kazi iliyotunukiwa: kulinda makazi ya wanyama yasigeuzwe mashamba.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na Umoja wa Falme za Kiarabu ilitaka kulitumia bonde kwa uwindaji wa wageni. Wahadzabe na watetezi wao walipinga, habari zikafika magazeti ya nje, na kampuni ikajiondoa mwaka huohuo. Lakini ilionekana wazi kwamba kesho angekuja mwingine, na wenyeji hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Karatasi hiyo ilipatikana mwaka 2011: hati ya hakimiliki ya kimila iliyotolewa kwa jamii nzima kwa pamoja badala ya mtu mmoja mmoja. Shirika la Ujamaa Community Resource Team liliwasaidia kuipata. Mmoja wa viongozi wa shirika hilo, Edward Loure, ni Mmasai wa Simanjiro, mkoani kwetu Manyara, ambaye familia yake iliondolewa Hifadhi ya Tarangire ilipoanzishwa mwaka 1970. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira kwa kazi ya hati hizo za pamoja, zilizokuwa zimelinda zaidi ya ekari 200,000 kaskazini mwa Tanzania.

Juu ya hati kukaongezwa biashara ya hewa ukaa, pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania. Miti isipokatwa, hewa chafu ambayo ingetoka hupimwa, na vyeti vyake huuzwa kwa kampuni za nje. Sehemu ya fedha inarudi vijijini, kama Yaeda Chini, Mongo wa Mono na Domanga, ikilipa walinzi wa kijiji, matibabu na masomo ya watoto. Sisi tunaona ni biashara ya kuangaliwa kwa makini, maana bei haipangwi kijijini, na mkataba wake ni wa kusomwa mkutanoni hadi kila mtu auelewe. Ila fedha hizo zimeonekana kwa macho.

Tuzo haizuii jembe wala ng'ombe, na ukame ukizidi wote hushuka bondeni. Tuseme ukweli, wengi wanaoshuka na majembe wanatoka kwetu milimani, ambako shamba la babu limegawanywa hadi likawa vipande.

Kama kijiji chako kina pori au malisho mnayotaka yabaki ya wote, njia ni ileile waliyopita Yaeda, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Kijiji kiwe na cheti cha ardhi yake, kiandae mpango wa matumizi bora ya ardhi na kuupitisha katika mkutano mkuu. Kisha kikundi kinaomba hati kwa halmashauri ya kijiji, na hati inasajiliwa wilayani. Pa kuanzia ni kwa mtendaji wa kijiji chako: muulize kama cheti cha kijiji kipo, na kimehifadhiwa wapi.