Katalogi ya Maktaba na Ngeli za Kiswahili

Mwanafunzi wa Chake Chake atakaye kusoma juu ya zao kuu la kisiwa chake huenda akaandika neno “mkarafuu” katika katalogi ya maktaba iliyo mtandaoni, akajibiwa kuwa hakuna kitabu. Kumbe kitabu kipo rafuni, ila anwani yake ina neno “mikarafuu”, au mada yake imeorodheshwa kwa Kiingereza tu. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba maktaba haina kitu.

Asili ya kasoro hiyo ni kwamba katalogi nyingi za kompyuta zimerithi desturi ya kadi za karatasi: neno hupangwa kwa kufuata herufi zake kuanzia ya kwanza. Desturi hiyo inakifaa Kiingereza, ambacho kwa kawaida huonyesha wingi mwishoni mwa neno. Msomaji akiandika mwanzo wake tu, hupata umoja na wingi pamoja. Kiswahili hubadilika mwanzoni. “Kitabu” kimo katika K, “vitabu” vimo katika V, na baina yao mna karibu nusu ya abjadi.

Yaweza kudhaniwa kuwa yatosha kuiamuru mashine ivue viambishi vyote. La hasha! “Kiti” kikivuliwa ki- hubaki “-ti”, na “miti” ikivuliwa mi- hubaki “-ti” vilevile. Hivyo atafutaye viti ataletewa misitu. Njia iliyo salama ni kuipa mashine kamusi yenye ngeli, ili ki- iungane na vi-, na m- na mi-, kwa kila jina peke yake.

Majina ya waandishi nayo yana mashaka yake. Kanuni za kigeni hutanguliza jina la mwisho, ilhali Zanzibar jina hilo aghalabu ni la babu. Kwa hiyo Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed hukutana chini ya “Mohamed”, mahali ambapo wasomaji wengi hawangefikiri kutazama. Isitoshe, huyo wa kwanza, mwandishi wa riwaya ya *Utengano* (1980), ameandika makala za kitaalamu kwa jina la Said A. M. Khamis. Programu kama Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo hutolewa bure, humwezesha mkutubi kuteua umbo moja la jina na kuyafunga mengine kwalo kwa neno “tazama”. Fundo hilohilo laweza kuunganisha “karafuu” na mada yake ya Kiingereza.

Ila mkutubi atajuaje pa kuanzia? Kompyuta yaweza kuhifadhi kila neno lililotafutwa bila kupata jibu, na orodha hiyo, ingawa haipendezi kuisoma, ina faida kuliko maoni ya wataalamu. Penye maktaba ya shule isiyo na kompyuta, daftari moja mezani latosha: kila asiyepata kitabu aandike neno alilolitafuta, kwa tahajia yake mwenyewe.