Kuuona Moyo Kabla ya Kupasuliwa

Safari hii tunazungumza habari ya hofu. Si hofu ya simba, wala hofu ya njaa. Ni ile hofu inayomshika mtu anapoambiwa na daktari: "Moyo wako una kasoro. Itabidi upasuliwe."

Maneno hayo ni mazito. Mtu akiambiwa atapasuliwa mguu, ataogopa. Lakini akiambiwa atapasuliwa moyo, huona kwamba habari yake imekwisha. Usiku halali. Chakula hakipiti. Wengine huanza kuwaaga watoto. Wengine hutoroka wodini na kurudi nyumbani, na ugonjwa wanarudi nao.

Je, hofu hii ina dawa? Ndiyo, inayo. Dawa yake ya kwanza ni elimu. Na siku hizi wataalamu wamepata chombo kipya cha kutolea elimu hiyo. Basi tuone ni chombo gani, kinafanyaje kazi, na sisi tulio vijijini kinatufundisha nini.

HOFU INAUMIZA MWILI

Watu husema, "Aa, hofu ni mawazo tu." Sivyo. Mtu akiogopa, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio. Presha hupanda. Pumzi huwa fupi. Kwa mtu mwenye afya, hilo si neno. Lakini kwa mtu ambaye moyo wake umechoka, ni kama kumwongezea mzigo punda aliyekwisha kulemewa.

Tena, mtu mwenye hofu hasikii vizuri. Daktari anaeleza, naye anaitikia, "Ndiyo, ndiyo," kumbe hakushika kitu. Kisha analetewa karatasi ya kukubali kupasuliwa. Anatia sahihi, au anaweka dole gumba. Ndugu zake wakimwuliza, "Umekubali kufanywa nini?" hana jibu. Wahenga walisema: usilolijua ni usiku wa giza.

MOYO HUPASULIWAJE?

Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kiasi cha ngumi yake. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini. Kwa siku moja hupiga kama mara 100,000. Ndani yake mna milango 4 midogo, inayoitwa vali. Mlango ukishindwa kufunga, damu hurudi nyuma. Ukishindwa kufunguka, damu hukwama. Vilevile, mishipa inayoulisha moyo wenyewe inaweza kuziba.

Kasoro kama hizo huweza kuhitaji upasuaji. Kwanza mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, ile tunayoiita nusu kaputi. Hasikii maumivu. Daktari hukata mfupa wa katikati ya kifua. Kisha damu hupitishwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Mashine ya namna hiyo ilifaulu kumsaidia mgonjwa wa upasuaji wa moyo mwaka 1953, huko Philadelphia, Marekani. Daktari aliyeitumia aliitwa John Gibbon.

Mara nyingi moyo husimamishwa ili daktari aweze kuutengeneza. Kazi ikiisha, moyo huanza tena kupiga. Mfupa hufungwa kwa waya, na ngozi hushonwa.

Mgonjwa huamka katika chumba cha uangalizi mkubwa. Hapo ndipo wengi hushtuka. Huenda kuna bomba kooni la kumsaidia kupumua, kwa hiyo hawezi kusema. Kuna mirija kifuani ya kutoa damu na maji. Kuna mpira wa mkojo. Mashine zinalia pembeni. Asiyeambiwa mapema hudhani mambo yameharibika. Aliyeambiwa hujisemea moyoni: "Haya ndiyo yale niliyoelezwa. Bomba litatolewa nikishapumua vizuri mwenyewe." Watu wawili, kitanda kilekile, mabomba yaleyale. Tofauti yao ni elimu.

JAMBO HILI LILIKWISHA PIMWA

Mwaka 1964, madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari ya wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Waliwagawa katika makundi mawili. Kundi moja lilielezwa mapema juu ya maumivu: yatakuwa wapi, yatakuwa makali kiasi gani, na yatadumu muda gani. Walifundishwa pia namna ya kulegeza mwili, kujigeuza kitandani na kuvuta pumzi. Kundi la pili halikuelezwa habari hiyo ya maumivu.

Matokeo yalikuwaje? Wale waliofundishwa walihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu. Tena waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, kwa wastani wa karibu siku 3. Hawakupewa kidonge kipya. Walipewa maneno.

CHOMBO KIPYA

Maneno ni mazuri, lakini si kila kitu huelezeka kwa maneno. Mtu ambaye hajawahi kuiona bahari, utamweleza mpaka uchoke. Mpeleke pwani mara moja tu, atafahamu.

Chombo tunachokisema ni kama miwani kubwa inayofunika macho yote mawili na kufungwa kichwani kwa mkanda. Mbele ya kila jicho kuna picha, kama picha ya televisheni ndogo. Picha ya jicho la kulia na ya jicho la kushoto hutofautiana kidogo sana. Ubongo huziunganisha, na mtu huona kitu kilicho na kina, kama anavyoona mti au nyumba. Akigeuza kichwa, chombo hutambua, na picha nayo hugeuka. Basi huona kama yumo ndani ya picha yenyewe. Jambo hili huitwa uhalisia pepe, yaani kitu kinachoonekana kama cha kweli, kumbe ni picha ya kompyuta.

Katika mji wa Munich, Ujerumani, madaktari wa upasuaji wa moyo walikijaribu chombo hiki. Walitoa habari zake mwaka 2023. Wagonjwa walikuwa 99, na wote walikuwa wakingoja kupasuliwa. Kundi la kwanza lilielezwa kwa karatasi, kama ilivyo desturi. Kundi la pili lilionyeshwa mifano iliyotengenezwa kwa mashine, ya kushika mkononi. Kundi la tatu lilivaa miwani na kuonyeshwa mifano ya kompyuta, huku likielezwa upasuaji utakavyokuwa.

Wagonjwa waliulizwa maswali kabla ya somo na baada yake. Makundi yote matatu yaliongeza ujuzi. Lakini waliovaa miwani ndio waliosifu zaidi jinsi mambo yalivyoonyeshwa. Tena hofu yao ilipungua. Katika kipimo cha hofu, wastani wao ulishuka kutoka 5 hadi 4.32.

TUSIDANGANYIKE

Hapo tuseme kweli. Kutoka 5 hadi 4.32 si kushuka kwingi. Hofu ilipungua, haikwisha. Hata aliyevaa miwani aliingia chumba cha upasuaji akiwa na hofu kidogo, na hiyo ni haki yake. Kuogopa kisu si ujinga wala si uoga wa kitoto.

Chombo hiki kina matatizo yake pia. Kuna watu kinaowatia kizunguzungu au kichefuchefu. Mwenye kifafa amweleze daktari kabla ya kukivaa. Na miwani haijibu swali la mgonjwa anayeuliza, "Je, mimi nitapona?" Swali hilo linataka mtu aliyekaa karibu, anayemtazama usoni na kumjibu kwa ukweli.

Kwa hiyo miwani ni chombo, kama ubao wa darasani ulivyo chombo. Ubao bila mwalimu haufundishi.

NASI JE?

Nchini Tanzania, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, mjini Dar es Salaam. Basi upasuaji wa moyo si habari ya ng'ambo tu. Huenda ukamgusa mwanao, mkeo, jirani yako, au wewe mwenyewe. Vijana wengi wa Afrika hupata ubovu wa vali kwa sababu ya ugonjwa ulioanzia kooni utotoni na haukutibiwa vizuri.

Pengine hospitali utakayokwenda haina miwani hiyo. Usivunjike moyo. Kitu kilichowasaidia watu wa Boston hakikuwa na waya wala kioo. Daktari anaweza kuchora moyo kwenye karatasi. Muuguzi anaweza kukuonyesha chumba utakachoamkia. Mtu aliyekwisha kupasuliwa anaweza kukusimulia yaliyompata. Nawe una kazi yako: kuuliza. Kuuliza si ujinga. Uliza haya:

1. Kasoro ya moyo wangu iko wapi? Naomba unichoree.
2. Mtanifanya nini, hatua kwa hatua?
3. Kuna hatari gani nikipasuliwa, na kuna hatari gani nisipopasuliwa?
4. Nikiamka nitaona nini na kusikia nini mwilini?
5. Kama siwezi kusema, nitawaombaje msaada?
6. Nitarudi lini shambani, na nisibebe nini kwanza?

Swali la mwisho lina maana kubwa kwa mkulima. Mfupa wa kifua huchukua majuma kadhaa kuunga. Ndoo ya maji, jembe na gunia havina budi kungoja mpaka daktari aruhusu.

Tena, nenda na ndugu yako mmoja. Masikio manne husikia zaidi ya mawili. Yaandikeni majibu. Ndugu wasomaji, kujua kusoma na kuandika tulikutafuta kwa jasho. Basi tukutumie hata hospitalini. Karatasi ikiletwa, isome kwanza. Neno usilolifahamu, uliza. Ukishafahamu, ndipo utie sahihi, kwa mkono wako mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu mwenye hofu hasikii vizuri maelezo ya daktari?
2. Wagonjwa wa Boston walipewa nini kilichowasaidia kupona mapema?
3. Miwani ya Munich ilisaidia nini, na haikuweza nini?
4. Jirani yenu ameambiwa atapasuliwa, naye anataka kutoroka. Mtamwambia nini?