Maua ya Kitulo yanangoja barabara

Ukitoka Chimala, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, gari huanza kuupanda ukuta wa mlima kona baada ya kona. Wenyeji walizihesabu kona hizo, na hesabu yenyewe ikawa jina la njia: Hamsini na Saba. Huko juu ndiko Matamba, na mbele ya Matamba kuna uwanda wa nyasi kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, wenye baridi na ukungu, usio na simba wala tembo. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Wakazi wa nyanda hizo wanaiita Bustani ya Mungu.

Kibiashara, Kitulo ina kitu ambacho hifadhi nyingine za Tanzania hazina. Ilianzishwa rasmi mwaka 2005, ikiwa na kilomita za mraba 413, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Aina za mimea zinakadiriwa kuwa 350, na 45 kati ya hizo ni okidi. Mgeni anaweza kushuka garini akatembea kwa miguu nusu siku nzima, jambo ambalo Serengeti haliruhusiwi kirahisi.

Tatizo ni kalenda.

Maua ya Kitulo hufunguka na mvua, kati ya Desemba na Aprili. Ni miezi hiyo hiyo ambayo udongo wa barabara ya Matamba hulowa na kuteleza, na bila gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne safari inakuwa ya kubahatisha. Kuanzia Juni hadi Agosti, watalii wa kigeni wanapojaa kaskazini kuangalia nyumbu, Kitulo ni kavu, na usiku huanguka jalidi nyasi zikawa nyeupe. Kwa hiyo bidhaa inaiva wakati wanunuzi wakubwa hawapo, na wale wachache wanaokuja wanakutana na tope. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, umeleta wasafiri hadi Mbeya. Kipande cha mwisho, kile cha mlimani, ndicho kinachowarudisha nyuma. Watu wa Matamba wanaijua hasara hiyo kwa njia nyingine, kwa sababu viazi mviringo vya wilaya yao ya Makete navyo hushuka kwa barabara za mlima kama hizo.

Wakati utalii unasuasua, okidi zenyewe zina soko jingine, tena la siku nyingi. Zambia kuna chakula kiitwacho chikanda, kinachopikwa kwa kusaga viazi vya okidi pamoja na karanga mpaka vishikane kama andazi zito, kisha kikakatwa vipande na kuuzwa sokoni. Okidi za huko zilipopungua, wachuuzi wakavuka mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka kwenda Zambia. Ni idadi ya kuumiza moyo, maana anayekichimba kiazi ameung'oa mmea mzima. Lakini mchimbaji ana hesabu yake: kiazi kinalipa leo, ilhali ua lililosimama humlipa pale tu mgeni anapofika, akalala, akala na kumkodi mtu wa kumwongoza. Mgeni asipofika, ua halimlipi kitu.

Ndiyo maana huduma za wageni Kitulo ni suala la uhifadhi pia. Na hazihitaji kuwa za kifahari. Mlima Kilimanjaro umeshaonyesha kwamba baridi haimkimbizi mtu: kituo cha Horombo, kwenye njia ya Marangu, kipo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, katikati ya nyasi na vichaka vya mlimani, na wageni hulala humo katika vibanda vya mbao vilivyo imara. Nyuma ya vibanda hivyo kuna ajira za wapagazi, wapishi na waongozaji.

Fedha kubwa za utalii wa kusini hazikuelekezwa Kitulo. Mradi wa REGROW, uliopewa mkopo wa Dola milioni 150 za Benki ya Dunia mwaka 2017, ulizichagua Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Nyerere, kisha ukafutwa mwaka 2024. Kitulo haikuhitaji kiasi hicho. Changarawe na mitaro kwenye sehemu korofi, vibanda vichache vyenye meko, vyoo safi, alama za njia, na vijana wa Matamba waliofundishwa kuzitambua okidi kwa majina: hayo ni ya gharama ndogo, na kila moja lingeanza kuingiza fedha msimu uleule linapokamilika.

Njia ya kuuzwa kwanza ipo tayari. Inaanzia uwandani, inapita kwenye msitu wa milima ya Livingstone, kisha inateremka hadi Matema, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa. Mtembeaji anaanza safari akiwa na koti zito na kuimaliza akioga ziwani. Anayeitembea kwa mara ya kwanza anahitaji mtu wa kumwonyesha njia, mtu wa kumbebea mzigo na kitanda cha kulala pande zote mbili za mlima.