Mtungi Usiotekewa Maji: Namna ya Kumsoma Magdalene Odundo

Kuna swali moja lisiloisha katika semina zetu: kazi ya sanaa isiyosimulia kisa, isiyo na wahusika wala mandhari, wala funzo la kuandikwa ubaoni, inahakikiwaje? Tumelizoea swali hili upande wa ushairi. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani yamerithiwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi. Mpaka leo ukitaka kuiamsha semina iliyosinzia, taja shairi huru tu, utaona watu wanavyonyoosha mikono. Katika makala haya nakusudia kulitoa swali hilohilo nje kidogo ya fasihi na kulipeleka kwenye ufinyanzi, kwa kueleza maisha na kazi za Magdalene Odundo, msanii mzaliwa wa Kenya ambaye vyombo vyake vya udongo vimewekwa katika makumbusho makubwa ya dunia.

Najua msomaji atauliza: vyungu vinaingiaje katika jarida la uhakiki? Jibu langu ni kwamba vimo humu siku nyingi, ila hatuvioni. Karibu kila mmoja wetu alifundishwa sekondari kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo. Kikombe kizuri humvutia mnywaji, lakini kinachomshibisha ni chai. Mfano huu umepingwa na wahakiki wengi, lakini hauachi kurudi. Tazama majibu yetu ya mitihani: ukurasa wa kwanza maudhui, ukurasa wa pili fani, na mwishoni lile swali letu la jadi, je, jina la kitabu linasadifu yaliyomo? Sasa mbele yetu yupo msanii anayefinyanga vyombo ambavyo hakuna atakayevitia chai wala maji, na vingi havina jina. Tutaandika nini?

Kwanza tumfahamu mwenyewe. Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasoma utotoni mwake India na Kenya. Hakuanza na udongo. Alianza na usanifu wa michoro na matangazo ya biashara, na mwaka 1971 alikwenda Uingereza kuendelea na fani hiyohiyo, akaingia chuo cha sanaa Cambridge. Huko ndiko alikokutana na ufinyanzi. Akahamia chuo cha sanaa cha Farnham, alikohitimu mwaka 1976, na baadaye akachukua shahada ya pili katika Royal College of Art, London. Tangu mwaka 1997 alifundisha katika chuo cha Farnham, akawa profesa wa ufinyanzi mwaka 2001, na mwaka 2018 akateuliwa kuwa mkuu wa chuo kikuu kilichozaliwa na chuo hicho. Mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame, na mwaka 2022 kazi zake ziliwekwa katika maonyesho makuu ya Venice.

Hayo ni ya wasifu. Linalotuhusu zaidi ni safari mbili alizofanya akiwa bado mwanafunzi. Kati ya mwaka 1974 na 1975 alikwenda Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew, lakini nyota yake alikuwa mama mmoja wa Kigbari, Ladi Kwali, ambaye sura yake imo katika noti ya naira 20 ya Nigeria. Ladi Kwali hakuhitaji gurudumu kuzungusha chombo. Chombo kilitulia, yeye ndiye aliyekizunguka, akipachika mikunjo ya udongo mmoja juu ya mwingine. Katika safari hizo Odundo alipita pia Kenya kuwatazama wafinyanzi wa nyumbani. Kisha akaenda San Ildefonso, New Mexico, nchini Marekani, kwenye kijiji cha Wahindi Wekundu kilichosifika kwa vyungu vyeusi vya Maria Martinez. Kumbe basi, walimu wake wakubwa walikuwa akina mama wa vijijini, na shahada ikaja juu ya hapo.

Pili, tutazame kazi inavyofanyika, maana hapa fani haitenganiki na mkono. Odundo hatumii gurudumu. Hufinyanga kwa mikono, akipandisha mikunjo ya udongo mpaka umbo lisimame, kisha hulikwangua likawa jembamba. Likikauka kiasi hulisugua likalainika, hulipaka uji mwepesi wa udongo, halafu hulisugua tena. Hakuna ule mng'aro wa kioo unaopakwa kwenye sahani za dukani. Mng'aro wote unatokana na kusugua.

Halafu moto. Udongo wenye chuma ukichomwa penye hewa ya kutosha hugeuka mwekundu kuelekea rangi ya machungwa. Chombo hichohicho kikichomwa mara ya pili na kunyimwa hewa, moto hunyang'anya oksijeni iliyomo katika udongo wenyewe, na chombo hutoka cheusi. Pengine hewa hupenya upande mmoja, basi weusi na wekundu hukutana ubavuni kama machweo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ni la uhakiki: rangi ile haikupakwa. Ni kumbukumbu ya yaliyokipata chombo tanurini. Ukiuliza, "Rangi nyeusi inaashiria nini?" kama tulivyozoea, umeruka hatua. Kabla ya kuashiria chochote, rangi hiyo imetokea.

Tatu, tujaribu kusoma. Mimi kazi hizi nimezijua kwa picha za vitabuni, kama wengi wetu tulioko huku, na hilo nitalirudia. Chukua mtungi mmoja wa namna anayoipenda. Kitako ni kidogo sana, karibu nukta, halafu tumbo linafumuka ghafla, kubwa na la mviringo. Juu yake shingo ndefu inapanda, lakini hainyooki. Inainama upande mmoja kama mtu aliyeitwa akageuka. Mdomo umepanuka mpana kama ukingo wa kofia. Ubavuni kuna vinundu vidogo, viwili au vitatu hivi, vinavyoweza kuwa chuchu, au vifundo vya uti wa mgongo, au chale, au visiwe chochote.

Ona nilivyolazimika kusema: kitako, tumbo, shingo, mdomo, ubavu. Sikutafuta tamathali. Hayo ndiyo maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa sehemu za mtungi. Lugha yetu iliamua zamani kwamba mtungi ni mwili, ikasahau kwamba imeamua. Sisi tunatamka "shingo ya mtungi" bila kuona shingo yoyote. Anachofanya Odundo, kwa maoni yangu, ni kuiamsha tamathali hiyo iliyolala. Hachongi mwanamke. Haweki macho, wala pua, wala nywele. Anazidisha tu kidogo kile ambacho mtungi tayari unacho, tumbo likazidi kuwa tumbo, shingo ikazidi kuwa shingo, mpaka mtazamaji anashtuka: mtu huyu! Hapo ndipo ilipo sanaa dhahania kama ninavyoielewa, yaani sanaa isiyonakili sura ya kitu bali inayokamata namna kitu kinavyosimama, kinavyoinama na kinavyobeba uzito wake.

Mwenzangu mmoja nilipomweleza hayo alinijibu kwa mkato: "Sasa si useme tu ni mwanamke mjamzito, yaishe?" La, yasiishe. Ukisema hivyo umepata maudhui ya kuandika, lakini umepoteza chombo. Mwanamke mjamzito hasimami juu ya nukta. Wasiwasi ule unaoupata ukitazama, kwamba kitu kizito namna hii kimekaa juu ya kitako kidogo namna hii na bado kimetulia, haumo katika maneno "mwanamke mjamzito". Umo katika umbo, na ukiuondoa umbo hubaki na kitu. Hapo mfano wetu wa kikombe na chai unapasuka. Kikombe ni kitupu, na bado kimesema.

Hata hivyo, haifai kuzipita hoja za upande wa pili, maana zina uzito. Hoja ya kwanza ni kwamba hii ni sanaa ya Kizungu iliyovaa udongo wa Kiafrika. Wapo pia wanaosema kinyume chake, kwamba ni Afrika tupu, nao hutaja vichwa virefu vilivyosukiwa nyuma vya wanawake wa Kimangbetu wa Kongo, ambavyo kweli vyombo vyake vingi vinavikumbusha. Odundo mwenyewe amekataa kufungiwa katika zizi lolote. Mwaka 2019, katika maonyesho yaliyoitwa The Journey of Things huko Wakefield, Uingereza, alipanga zaidi ya kazi 50 zake pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe: vyombo vya kale vya Ugiriki na Misri, vyombo vya Afrika na Asia, sanamu za Rodin. Ilikuwa kama mwandishi anayekuonyesha rafu yake ya vitabu. Na kama ni udhahania, hata kwetu si mgeni. Nenda Mwenge, Dar es Salaam, ukatazame vinyago vya Wamakonde vya mtindo wa mawingu, mpingo uliopindwa kama moshi, usio na kichwa wala miguu. Wachongaji wale hawakungoja ruhusa ya Ulaya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wale wanaouliza kila mara sanaa ni ya nani wataipenda. Mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga chungu kikapelekwa kwa mtumbwi mpaka gulio la Matema, kikanunuliwa, kikapika. Mtungi wa Odundo hukaa ndani ya kabati la kioo London au Chicago, na bei yake huijui mpaka uketi kwanza. Je, huyu si ameutoa mtungi kwa watu akaupeleka kwa matajiri?

Kuhusu soko sina utetezi. Methali ilikwisha sema, mfinyanzi hulia gaeni, na ni gae letu hilo: tuna ufinyanzi wa karne nyingi, lakini kumwona aliyevuma zaidi kwa ufinyanzi huo hatuna budi kufungua kitabu cha picha. Lakini kuhusu sanaa yenyewe hoja hiyo inateleza, kwa sababu inadhani kwamba chungu cha Kikisi ni matumizi matupu. Sivyo. Mama yule husugua chungu chake na kukitia nakshi. Maji hayaombi nakshi. Ugali hauivi upesi kwa sababu ubavu wa chungu umechorwa. Sehemu hiyo ya kazi yake, ile isiyodaiwa na njaa wala kiu, ni sanaa tupu, na ndiyo hiyohiyo ambayo Odundo ameichukua akaifuata mpaka mwisho wa njia. Anayesema umbo ni anasa ya matajiri anamnyang'anya mama wa Ikombe nusu ya kazi yake, tena ile nusu anayojivunia.

Na sisi wahakiki tunahusika na lawama hiyo. Ladi Kwali ameingia katika historia kwa sababu kuna watu walioona kazi yake inafaa kuandikwa. Ni nani kati yetu ameandika kurasa kumi juu ya mfinyanzi mmoja wa Kikisi, kwa jina lake, akieleza mkono wake unavyotofautiana na wa jirani yake? Tunawaita "jamii", tunawaweka katika sura ya utangulizi, tunapita. Jina na uhakiki tumewaachia wengine wautoe.

Sasa turudi kwenye ushairi tulikotoka. Sidai kwamba shairi ni chungu. Maneno yana maana za kamusi, udongo hauna, na mshairi hawezi kuzikimbia maana hizo hata akitaka. Lakini nadhani Odundo anatufundisha utaratibu wa kuuliza. Mbele ya chombo chake huwezi kuanza na "ujumbe ni nini". Inabidi uanze na: kimekaa juu ya nini? Uzito uko wapi? Kimeinamia wapi? Ni wapi palipoachwa wazi? Baada ya kujibu hayo, maana huja yenyewe, na huja ikiwa imeshikamana na umbo.

Hebu tuyajaribu maswali hayo kwa shairi huru. Mabishano yetu yamekuwa eti lina vina au halina, yaani tunapima kama mtungi una mkono wa kushikia. Tuulize badala yake mstari umekatwa wapi na kwa nini hapo, neno gani limebebeshwa uzito wa shairi zima, kimya kiko wapi. Mwanajadi akifanya hivyo ataona kwamba shairi huru zuri halikutupa umbo, na mwanamapinduzi naye ataona kwamba kuacha vina peke yake hakuleti shairi, kama vile kuacha kuteka maji peke yake hakuufanyi mtungi kuwa sanaa. Pale vina vilipoondoka, lazima kitu kingine kishike uzito, la sivyo chombo kitaanguka.

Udongo, wanasema wazee, uwahi ungali maji. Kwa hiyo napendekeza kwamba semina zetu za mwaka wa kwanza zianze na zoezi dogo: waletewe wanafunzi chungu kimoja cha sokoni, kitupu, waambiwe waandike kurasa mbili juu yake bila kutumia neno ujumbe. Watakaoweza, wapewe Kichomi.