Hana Mandlíková: Bingwa wa tenisi aliyehama bila kutoroka

Mtangazaji wa uwanja wa Štvanice jijini Prague, Julai 1986, alikuwa na kibarua kigumu. Ilimpasa kumtambulisha bingwa wa tenisi aliyekuwa namba moja duniani kwa wanawake bila kulitaja jina lake. Akaishia kumwita mchezaji wa kike kutoka Marekani. Watu waliojaa majukwaani walimjua vizuri ni nani, nao wakamshangilia kwa nguvu kuliko walivyotarajia wakubwa waliokaa viti vya mbele.

Mchezaji huyo alikuwa Martina Navratilova, mzaliwa wa Prague hiyo hiyo. Mwaka 1975, akiwa na miaka 18, aliomba hifadhi ya kisiasa mjini New York na hakurudi tena. Magazeti ya serikali nchini kwao yakaacha kuandika habari zake, hata aliposhinda. Miaka 11 baadaye aliingia Prague na pasipoti ya Marekani, amekuja kuichezea Marekani katika Kombe la Shirikisho, mashindano ya timu za taifa za wanawake.

Siku ya fainali, upande wa pili wa wavu alisimama Hana Mandlíková akiichezea Chekoslovakia. Dunia inaikumbuka wiki ile kwa sababu ya Navratilova, na ni haki yake. Lakini kwa msomaji ambaye riziki yake iko mpakani, anayejua jinsi muhuri mmoja unavyoweza kulaza mzigo siku tatu, njia aliyopita Mandlíková inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Yeye naye alibadili uraia. Tofauti ni kwamba hakukimbia.

Alizaliwa Prague Februari 1962. Baba yake, Vilém Mandlík, alikuwa mwanariadha wa mbio fupi aliyekimbia mita 200 katika Olimpiki ya Melbourne ya mwaka 1956. Binti alirithi miguu hiyo. Alipokuwa mdogo aliwahi kuwa muokota mipira katika mechi za Navratilova, na inasemekana alimtazama kwa jicho la mtoto anayetaka kuwa kama yule.

Enzi hizo mchezaji wa Chekoslovakia hakuondoka nchini kwa kununua tiketi tu. Alihitaji kibali cha kutoka, na shirikisho la tenisi lilikuwa na mkono katika ratiba yake na katika fedha alizoshinda. Navratilova aligombana na wakubwa hao kwa sababu, machoni pao, alikuwa anakuwa Mmarekani mno. Baada ya yeye kutoroka, shirikisho lilikuwa na sababu ya kufikiri mara mbili: ukibana sana, unampoteza mchezaji pamoja na sifa yake. Waliomfuata, Mandlíková akiwa mmoja wao, walikuta kamba imelegezwa kidogo.

Aliitumia nafasi hiyo. Desemba 1980, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa Australia mjini Melbourne, jiji lile lile alilokimbilia baba yake, kwa kumfunga Wendy Turnbull 6-0, 7-5. Miezi michache baadaye akachukua ubingwa wa Ufaransa mjini Paris, baada ya kumtoa Chris Evert kwenye nusu fainali. Kumtoa Evert kwenye udongo mwekundu wa Paris lilikuwa jambo ambalo wengi hawakuthubutu hata kuliota.

Hata hivyo hakuwa mchezaji wa kutegemewa kila siku. Siku njema alicheza tenisi ya kuvutia kuliko ya yeyote wa zama zake, siku mbaya alipoteza kwa mtu asiyejulikana. Alifika fainali tano za Wimbledon na za mashindano ya wazi ya Marekani akapoteza tatu mfululizo kati ya 1980 na 1982, na nyingine mwaka 1986.

Ile aliyoshinda ndiyo inayoeleza uzito wake. Kati ya mwanzo wa 1982 na mwisho wa 1986 yalichezwa mashindano makubwa 19. Evert na Navratilova walijigawia 18. Moja lililobaki, la New York mwaka 1985, alilichukua Mandlíková, na hakulipata kwa bahati: alimfunga Evert katika nusu fainali na Navratilova katika fainali, 7-6, 1-6, 7-6. Alikuwa na miaka 23. Mwaka huo huo, katika viwanja hivyo hivyo, ubingwa wa wanaume ulikwenda kwa Ivan Lendl, naye wa Chekoslovakia. Nchi iliyowawekea watu wake geti ilikuwa imetoa mabingwa wawili wa Marekani kwa mkupuo.

Katika Kombe la Shirikisho nako timu yake ilikuwa imeshinda miaka mitatu mfululizo, 1983, 1984 na 1985. Kwa hiyo fainali ya Prague ya mwaka 1986 ilikuwa zaidi ya mechi. Uwanja mpya, bingwa mtetezi nyumbani, na mgeni ambaye jina lake halitajwi. Navratilova alishinda 7-5, 6-1, na Marekani ikaondoka na kombe kwa 3-0.

Wiki ile ile Mandlíková alifunga ndoa mjini humo na mwanamume mwenye asili ya Chekoslovakia aliyekuwa mkazi wa Australia. Ndoa haikudumu. Lakini Januari 1988 alikuwa raia wa Australia, kwa hati halali. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametwaa tena ubingwa wa Australia, akikata mfululizo wa ushindi 58 wa Navratilova. Miaka mitatu nyuma, huko Oakland, alikuwa amekata mwingine wa ushindi 54.

Kuna watakaosema njia ya Mandlíková ilikuwa rahisi. Rahisi kwa kulinganisha na nini? Navratilova alilipa kwa miaka 11 ya kutokanyaga kwao. Bila malipo hayo, huenda wakubwa wa Prague wasingejifunza kulegeza. Aliyepita mlangoni alipita kwa sababu kuna aliyeruka ukuta kwanza.

Septemba 1989, mjini New York, wawili hao walisimama upande mmoja wa wavu. Mmoja Mmarekani, mwingine Mwaustralia, wote wazaliwa wa Prague, wakashinda ubingwa wa wachezaji wawili wawili. Miezi miwili baadaye utawala uliokuwa ukigawa vibali ulianguka kwa maandamano ya amani.

Mandlíková aliacha kucheza mwaka 1990, na hapo akaanza kazi ambayo pengine ilimtaka uvumilivu kuliko raketi. Alimfundisha Jana Novotná, binti wa Brno. Mwaka 1993, ule ule Chekoslovakia ilipogawanyika kuwa Jamhuri ya Cheki na Slovakia, Novotná aliongoza 4-1 katika seti ya mwisho ya fainali ya Wimbledon dhidi ya Steffi Graf, kisha akaporomoka na kulia begani kwa Duchess wa Kent mbele ya kamera. Akapoteza fainali nyingine mwaka 1997. Mwaka 1998 akashinda, na kocha wake akiwa bado ni yule yule. Wimbledon lilikuwa taji pekee kati ya manne makubwa ambalo Mandlíková mwenyewe hakulipata katika mchezo wa mmoja mmoja.

Novotná alifariki kwa saratani Novemba 2017, akiwa na miaka 49. Kabla ya hapo alikuwa amemlea msichana mwingine wa Brno, Barbora Krejčíková, ambaye mwaka 2024 alitwaa Wimbledon na kulia alipoliona jina la Novotná kwenye ubao wa mabingwa.

Desemba 2007 ukaguzi wa kawaida wa pasipoti uliondolewa katika vituo vya mpaka wa nchi kavu kati ya Jamhuri ya Cheki na Ujerumani, Austria, Poland na Slovakia. Mandlíková alihamia Florida, na binti yake, Elizabeth, akawa mchezaji wa kulipwa. Babu alikimbia kwa jina la Chekoslovakia, mama alimaliza akiwa Mwaustralia, na mjukuu anaingia uwanjani akiwa na bendera ya Marekani kando ya jina lake.