Krismasi Katika Msimu wa Joto

Kadi nyingi za Krismasi huchapishwa picha za theluji na miti iliyopukutika majani. Hiyo ndiyo sura ya majira ya baridi ya Ulaya, wala haiwahusu wakazi wa Dar es Salaam, Maputo au Sydney. Katika miji hiyo tarehe 25 Desemba huangukia msimu wa joto, na jamaa waliokusanyika hutafuta kivuli, si moto wa kuota. Je, tofauti hiyo hutokana na nini?

Wapo wanaodhani kwamba joto huzidi kwa sababu dunia imelikaribia jua. Ni kweli kwamba mapema mwezi Januari dunia huwa umbali wa kilometa milioni 147 hivi kutoka kwenye jua, na mapema Julai kilometa milioni 152. Lakini ukaribu huo ni wa dunia nzima. Kama ungekuwa ndio sababu, London nayo ingekuwa na joto mwezi Desemba. Sababu hasa ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi, na mwezi Desemba kizio cha kusini ndicho kinachoelekea jua. Adhuhuri ya Krismasi jua huwa nyuzi 73 hivi juu ya upeo wa macho huko Dar es Salaam, karibu nyuzi 80 huko Sydney, na nyuzi 15 tu huko London. Mwanga ambao ungeangukia mita moja ya mraba kama jua lingekuwa utosini, hutandazwa juu ya karibu mita nne za mraba jua likiwa nyuzi 15. Kila sehemu basi hupata joto kidogo.

Mwanafunzi aliyeko Dar es Salaam aweza kulihakikisha jambo hili kwa fimbo ya mita moja iliyosimamishwa wima. Siku ya Krismasi, yapata saa 6:23 mchana, kivuli chake kitakuwa na urefu wa sentimeta 30 hivi, kikielekea kaskazini. Adhuhuri ya mwishoni mwa Juni kitafikia sentimeta 58 hivi, kikielekea kusini.

Joto la pwani huzidishwa uzito na mvuke wa bahari. Mwili hujipoza kwa jasho: kila gramu inayokauka juu ya ngozi huondoa kalori 580 hivi za joto. Hewa iliyojaa mvuke huchelewesha ukaukaji huo. Jasho hutiririka bure, na mwili hupoteza maji bila kupoa ipasavyo. Ndiyo maana watoto na wazee wapewe maji mara kwa mara, hata kabla hawajayaomba.

Hatari nyingine imo jikoni. Pilau hupikwa asubuhi, na sehemu yake huwekwa kwa ajili ya mgeni atakayechelewa. Baadhi ya bakteria wa mchele huwa na mbegu ngumu zisizokufa katika maji yachemkayo. Chakula kikipoa polepole, mbegu hizo huamka na kuzaana. Bakteria mmoja akigawanyika kila baada ya dakika 20, baada ya saa 6 idadi yao itazidi 262,000. Baadhi yao hutoa sumu ambayo haiharibiwi kwa kupasha moto upya. Kwa hiyo kiporo chenye harufu nzuri chaweza kuleta matapishi.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Kiwekwe kikiwa moto kupita nyuzi 60 za sentigredi, au kipozwe upesi katika vyombo vya kina kifupi na kutiwa katika jokofu, chini ya nyuzi 5. Penye uhaba wa majiko na majokofu, ni heri mchele wa mgeni ubaki mkavu, upikwe atakapofika. Atangoja kidogo, lakini atakula kwa usalama.